Mashine Ikinyamaza

Lichu alikuwa na kibanda cha uji karibu na soko, mjini Tainan, Taiwan. Alipika uji wa wali na samaki aitwaye mwatiko. Hapa kwetu watu wakikutana asubuhi huulizana, "Umeshakula?" Katika mtaa ule, asiyekula kwa Lichu alihesabiwa kuwa bado hajala.

Tangu baba yake alazwe, bakuli la kwanza halikuwa la mteja. Lilikuwa la baba. Mwatiko ana miiba mingi na midogo, kwa hiyo Lichu aliitoa mmoja mmoja kwa vidole. Kisha alimimina uji kwenye chupa ya chai, akamwomba jirani amwangalizie kibanda, akapanda pikipiki yake kwenda hospitali.

"Umeshakula, Baba?"

"Nitakulaje na mikono hii?"

Mzee Khoo Thiamteng aliinua mikono yake. Ilikuwa imevalishwa glavu nene za kitambaa, zimefungwa kwenye vifundo. Mikono ile ilikuwa imechimba mabwawa ya samaki, imevuta nyavu na kulea watoto wawili. Leo ilifungwa kama ya mtoto anayejikuna. Lichu aliona uchungu.

"Tena?" alimuuliza Nesi Peishan.

"Tena, dada. Jana ameng'oa mrija wa hewa, akashuka kitandani. Angeanguka angevunjika nyonga. Anapiga kelele, 'Yamesimama! Yamesimama!' Tukimuuliza nini kimesimama, anatutazama tu. Naona akili imeanza kuchanganyikiwa. Ugonjwa wenyewe wakati mwingine hufanya hivyo."

"Baba yangu hana wazimu."

"Sijasema ana wazimu, dada. Nimesema ninaogopa ataanguka."

Peishan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na mikono miwili tu. Alimjua Mzee Thiamteng kwa jina la ugonjwa wake na kwa ukaidi wake. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Ugonjwa ulikuwa saratani ya mapafu, na ulikuwa umekwisha kuenea. Daktari aliwaambia Lichu na kaka yake, Hiong, wakiwa wamesimama koridoni. Hiong alisema papo hapo, "Mzee asiambiwe. Akijua atakata tamaa." Lichu akakubali. Basi wakawa na wimbo mmoja: ni kikohozi, Baba, kitapita. Hospitali ile haikuwa na ghorofa ya nne. Ngazi zilitoka ya tatu zikaruka hadi ya tano, kwa sababu kwa lugha yetu nne hutamkwa kama kifo, na hakuna mgonjwa anayeitaka. Kama majengo yenyewe yanaogopa, watoto wa Mzee Thiamteng wangekuwa nani wasiogope?

Lakini mficha maradhi kilio humfichua.

Siku hiyo, Lichu alipokuwa akimlisha baba yake uji, nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, mwanamke alikuwa akizungumza na mgonjwa mwingine. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu. Mzee Thiamteng aliacha kutafuna.

"Lichu, nani huyo?"

"Mtu wa kujitolea tu, Baba. Kula."

"Naijua sauti hiyo. Wewe mama! Wewe uliye nyuma ya pazia! Ulitangaza redio wewe?"

Pazia lilivutwa. Akatokea mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha njano cha wanaojitolea. Alikuwa anacheka.

"Nilitangaza, Baba. Miaka mingi. Naitwa Suching."

"Suching wa dawa ya mgongo! Nilikusikiliza kibandani kwangu bwawani kila siku. Ukasema ninywe chupa moja nitaruka kama kamba wa bwawani. Nilikunywa chupa nzima. Mgongo unauma mpaka leo!"

"Na mimi niliinywa, Baba. Wangu pia unauma."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lichu hakuwa amemsikia akicheka tangu alazwe.

"Sasa unauza nini huku?" aliuliza mzee alipopata pumzi.

"Siuzi. Siku hizi nyinyi ndio mnaosema, mimi nasikiliza. Mgonjwa akitaka, ananisimulia maisha yake. Narekodi, naandika kama alivyosema, namsomea asahihishe. Halafu yanakuwa yake. Atampa anayemtaka."

Lichu alisimama upesi. Alimshika Suching mkono, akamtoa nje.

"Mama, samahani, lakini una kichaa? Maisha ya mtu husomwa siku ya mazishi yake. Unamwendea mgonjwa unamwambia nisimulie maisha yako, si unamwambia unakufa? Usimtie baba yangu mkosi."

Suching hakukasirika. Alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi.

"Dada Lichu, hayo yanayosomwa mazishini nayajua. Alikuwa mchapakazi, alikuwa mpole, alipenda jirani zake. Ukibadilisha jina, yanamfaa mtu yeyote. Mume wangu alisomewa hayo hayo. Mimi nilifanya kazi ya kusema redioni, na sauti ya mume wangu sina hata dakika moja. Nilikuwa nangoja apate nafuu kwanza ndipo nimuulize. Nafuu haikuja."

Lichu aliuachia mkono wa Suching.

"Mimi simwambii mgonjwa kwamba anakufa," Suching aliendelea. "Hiyo ni kazi ya daktari na yenu. Na simlazimishi mtu. Namuuliza tu kama anataka. Akikataa, nampa maji na kwenda zangu."

"Mgonjwa haulizwi uji, mama."

"Uji haulizwi, sawa. Hadithi yake lazima aulizwe."

Kutoka ndani sauti ya mzee iliita, imekatika kwa kukosa pumzi. "Lichu! Mlete huyo mwizi wa dawa! Mnanisengenya nini huko?"

Walirudi. Mzee Thiamteng alimgeukia binti yake.

"Keti, mwanangu. Mimi nimefuga mwatiko maisha yangu yote. Maji yakiisha hewa, samaki hupanda juu na kufungua mdomo. Nikimwona samaki juu ya maji, najua anakokwenda. Sasa nani yuko juu ya maji hapa, kama si mimi?"

"Baba, daktari amesema ni kikoho..."

"Mwambie kaka yako mimi si mtoto. Najua tangu siku ile mliporudi kutoka koridoni macho mekundu, mkaanza kunichekea. Nikasema, basi, nitanyamaza ili wasilie. Nyinyi mnanificha, mimi nawaficha. Tumekuwa familia ya wezi."

Lichu aliangua kilio. Baba yake alitaka kumfuta machozi akashindwa kwa sababu ya glavu. Akampapasa nazo kichwani.

"Mama Suching," mzee alisema, "nitasema. Lakini kesho, mwanangu wa kiume awepo. Na hizi nguo za mikono zivuliwe. Mimi bila mikono sijui kusema."

Jioni ile Hiong alipiga kelele kwenye simu. "Nani amemwambia? Wewe?" Lichu akamjibu, "Alituambia yeye." Hiong akashusha sauti, akasema, "Kesho nitakuja."

Siku ya pili walikusanyika. Nesi Peishan alivua glavu. Alisema angeingia na kutoka, maana ana kazi. Suching alivuta pazia, akaweka kinasa sauti kidogo juu ya blanketi karibu na kifua cha mzee, si mezani mbali. Alimwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Baba, kitufe hiki ni chako. Ukichoka, zima. Ukitaka kusema jambo lisirekodiwe, zima. Hatukimbizwi na mtu. Tukipata kidogo leo, kesho tutaendelea. Sema lugha yako ya nyumbani, usitafute maneno ya shule. Na nyinyi watoto, kazi yenu ni kusikiliza."

Kisha akauliza swali jepesi. "Ulikuwa na umri gani ulipoingia bwawani mara ya kwanza?"

Mzee alianza polepole. Alisimulia jinsi alivyoteremka na baba yake kwenye tope la bwawa, kijijini kwao Chiku, na tope likamvua suruali. Alisimulia jinsi alivyomwona mama yao sokoni akigombana na muuza kaa, akasema moyoni, huyu ndiye, akiniacha nitakufa na akinikubali pia nitakufa.

"Baba, si sokoni," Hiong alidakia. "Mlikutanishwa na mshenga nyumbani kwa shangazi. Mama mwenyewe alisema."

"Na usitaje suruali," Lichu aliongeza. "Wajukuu watasoma."

Suching aliinua kidole, akasema kwa upole, "Wapendwa, mkitaka, siku nyingine nitarekodi za kwenu. Hii ni ya kwake. Mtu akisahihishwa sahihishwa huacha kusema."

"Mama yenu alidanganya," mzee alisema. "Aliona haya kusema alinipenda huku ameshika kaa mkononi. Suruali ibaki."

Wote walicheka. Hapo ndipo Nesi Peishan aliingia. Hewa ya mzee ilipita kwenye chupa ya maji iliyotundikwa ukutani, na maji yale yalibubujika mchana na usiku. Chupa ilikuwa imekaribia kukauka. Peishan aliichomoa aweke nyingine. Mbubujiko ukakatika.

Mzee Thiamteng alishtuka. Macho yalimtoka. Akatupa blanketi, mguu mmoja ukashuka kitandani. "Yamesimama!"

Peishan alimshika bega. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari unatafuta glavu. Lakini Suching alikuwa ameinama karibu na uso wa mzee.

"Baba Thiamteng, umesikia nini?"

Mzee alihema. "Sijasikia kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Peishan akaingiza chupa mpya. Maji yalianza tena kububujika. Mzee akalegea, akarudi kwenye mto. Watu wanne waliitazama ile chupa kama kwamba imesema.

"Magurudumu," Lichu alinong'ona. "Magurudumu ya bwawa."

Alimweleza Peishan upesi. Katika kila bwawa kuna magurudumu yanayozungushwa kwa umeme. Hupiga maji usiku kucha ili samaki wapate hewa. Mfugaji hulala kwa mlio huo. Yakisimama, mlio unakatika, na mfugaji huamka hata kama amelala fofofo. Akichelewa, bwawa zima linakufa.

"Kumbe," Peishan alisema. Uso wake ulibadilika. "Kila alipoinuka, ilikuwa wakati tunabadilisha chupa. Mzee wangu, nisamehe. Nilidhani umechanganyikiwa."

"Nikisinzia sijui niko wapi," mzee alisema. "Nasikia maji, najua samaki wazima. Nasikia kimya, najua wanakufa. Miguu inaondoka kabla yangu."

"Basi hatubadilishi tena bila kukuambia."

Suching alimuuliza mzee kama anakubali kipande hicho cha hadithi kiandikwe kwenye faili lake, ili kila nesi wa zamu akijue. Alikubali. Glavu zile zilirudi kabatini, na hazikuvaliwa tena.

"Yaliwahi kusimama kweli, Baba?" Suching aliuliza.

"Yaliwahi. Mara moja." Mzee alitazama dari. "Umeme ulikatika na mimi nililala. Sikuamka. Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe. Matumbo ya samaki juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Mama yenu hakunilaumu. Alichukua wavu akaanza kuwatoa. Tulipomaliza aliniambia, 'Umeshakula?' Basi. Hilo tu. Mwaka mzima tulikula viazi vitamu, na hilo tu ndilo alilosema."

Lichu alikumbuka. Alikuwa mdogo, lakini harufu ile hakuisahau. Alikumbuka pia kilichofuata. Baba alihamisha kitanda chake, akaanza kulala kibandani bwawani. Hakulala tena nyumbani mpaka Lichu alipoolewa. Mezani kiti chake kilikuwa wazi. Siku moja Lichu alimwambia mama yake, "Baba anapenda samaki kuliko sisi." Mama alimjibu, "Kula." Neno lile Lichu alikua nalo. Aliondoka nalo nyumbani, akalibeba hadi mjini. Hata kuoa kwa wanawe na kuzikwa kwa mama yake hakukuliondoa.

Sasa aliinama karibu na baba yake.

"Kwa nini ulilala, Baba? Wewe hukuwa mtu wa kulala."

Kidole cha mzee kilitembea juu ya blanketi, kikatafuta kitufe, kikazima kinasa sauti.

"Nitoke?" Suching aliuliza.

"Kaa. Lakini usiandike." Akamgeukia binti yake. "Ulikuwa na homa, Lichu. Ulikakamaa, macho yakageuka. Nilikufunga mgongoni kwa shuka la mama yako, nikakuleta mjini kwa pikipiki. Siku tatu nilikaa na wewe kwa daktari sikufumba jicho. Jirani aliniambia, rudi ukaangalie bwawa. Nikasema samaki nitapata wengine. Ulipopoa nikakurudisha nyumbani, nikakulaza kifuani kwangu, nikasema nitapumzika kidogo. Usiku huo ndipo umeme ulipokatika."

Lichu aliuchukua mkono wake.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mtoto abebe bwawa zima mgongoni? Nilikwenda kulala kibandani ili usile viazi tena." Alipumua kwa shida. "Ukifikiri nakwenda kwa samaki, heri ufikiri hivyo. Lakini leo nimeona samaki yuko juu ya maji. Nikaona nisiondoke na jambo hili."

Lichu aliweka uso wake kwenye kiganja cha baba yake, kile kile kilichokuwa ndani ya glavu jana. Alilia kwa sauti bila kuona haya. Hiong alisimama dirishani amewapa mgongo, mabega yakimtikisika.

Suching alirudi kila siku mzee alipokuwa na nguvu. Akichoka, waliacha. Yalipoandikwa, alimsomea yote taratibu. Mzee aliondoa jina la jirani mmoja aliyemwibia samaki, kwa sababu watoto wake ni watu wema. Suruali ilibaki. Kaa alibaki. Sura ya bwawa lililokufa ilisema tu, "Nililala." Aliagiza nakala ziwe mbili, ya Lichu na ya Hiong, na sauti yenyewe wapewe pamoja.

"Na wale ambao hawana Suching wao?" Peishan aliuliza siku moja.

"Simu inarekodi," Suching alisema. "Muulize mgonjwa kama anataka. Muulize leo, usingoje nafuu. Kisha funga mdomo."

Mzee Thiamteng aliomba kurudishwa Chiku. Daktari alikubali. Nesi wa kutembelea majumbani alikuja kumwona, na mashine ya hewa iliwekwa kando ya kitanda chake. Ilibubujika ndani, na nje magurudumu yalibubujika bwawani. Alisema huo ndio wimbo mzuri kuliko yote.

Alasiri moja ya upepo, umeme ulikatika.

Mashine ilinyamaza. Magurudumu yalinyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya kama shimo. Lichu alifungua mtungi wa akiba, kama nesi alivyomfundisha, akaunganisha mrija. Hiong alikwisha kutoka mbio kuwasha jenereta.

Mzee alifumbua macho. Safari hii hakuinuka.

"Yamesimama," alisema.

"Yamesimama, Baba. Kaka amekwenda."

"Na wewe? Nenda ukamsaidie. Samaki watakufa."

Lichu alipanda kitandani. Alilala kando ya baba yake, akaweka mkono juu ya kifua chake.

"Samaki nitapata wengine," alisema.

Mzee alitabasamu, akafumba macho. Walilala hivyo katika ule ukimya, wakingoja. Baada ya kitambo, huko nje, gurudumu la kwanza likaanza kupiga maji.